Dawa ya Maji Yashtakiwa kwa Uvivu

Wananchi wa Koboko wanatangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba Ofisi ya Kuharakisha Maji imemnasa mvivu aliyekuwa akirudisha nyuma maendeleo. Mvivu huyo ni klorini.

Bwana Nasur, mkuu wa ofisi, alikuwa na haraka yake. Mkaguzi alikuwa njiani kutoka Arua, na akipendezwa, Nasur angehamishiwa huko, kwenye kiti kinachozunguka. Nyumba ya huko, mtaa wa Awindiri, alikuwa ameshaichagulia mapazia. Sasa huyu klorini, akitiwa kwenye tangi, anachukua nusu saa nzima kuua vijidudu!

"Nusu saa?" alimfokea Shamirah, mtia dawa. "Babu yangu alikuwa sajini. Alimaliza adui kwa filimbi moja!"

"Mzee, maji iko baridi. Kwa baridi dawa inaenda pole pole. Kwa moto inakimbia."

"Si ungesema!"

Papo hapo Nasur akatoa waraka: kuanzia leo, maji yote ya tangi yahesabiwe kuwa ya moto.

Klorini, kwa ukaidi wake, hakuusoma.

Mkaguzi Kaltumu alipofika, Nasur aligonga visigino, akasoma mashtaka mbele ya foleni ya madumu: uzembe, utoro wa kasi, kudharau waraka. Akaomba mshtakiwa afukuzwe kazi.

"Utaratibu unataka tumlinganishe mshtakiwa na mshtaki," alisema Kaltumu. Akaigeukia foleni. "Nani anawafahamu hawa wawili?"

Sitti, muuza chapati, akaketi juu ya dumu lake. "Madamu, dawa tunaijua. Ikiingia kazini haitoki mpaka imemaliza. Haiendi chai, haiendi matanga. Huyu mutu tunajua koti yake tu. Iko kwa kiti tangu Idi."

"Ile ni koti ya serikali!" Nasur alipaza sauti. "Iko kazini!"

"Basi mpe mshahara yake, mjomba!"

Foleni ikavunjika mbavu. Kaltumu hakucheka. Alitoa uamuzi: klorini apandishwe cheo, awe mkuu wa ofisi. Nasur asihamishwe, awe msaidizi wake, akae kando ya tangi kila dawa inapotiwa, ajifunze kazi.

Shamirah akatia dawa. Nasur akaketi. Muda si muda akainuka, akavua kofia, akainama juu ya tangi na kuomba ruhusa ya kwenda chai.

Mkuu hakumjibu. Alikuwa kazini.