Likizo Yetu ya Kelele

Jumatatu, 3 Novemba

Mke wangu amepata likizo! Wauguzi wenzake wamekubali kumshikia zamu wiki nzima. Mimi karakana ya makochi ni yangu, najipa ruhusa mwenyewe. Tunakwenda pwani, wawili tu. Watoto watabaki kwa bibi yao.

Swali ni mji gani. Iko miwili. Mmoja una muziki ufukweni mchana kutwa, mashindano ya dansi, watu hadi basi. Mwingine una mchanga. Mchanga tu.

Nautaka wa muziki hadi nyayo zinaniwasha. Lakini namjua mke wangu: nikipendekeza kitu, anapinga. Nilitaka mapazia ya bluu, tukanunua ya kahawia. Kwa hiyo kesho nitausifia ule wa mchanga. Ataukataa, atautaja wa muziki, nami nitakubali shingo upande. Akili kama hii haifundishwi shuleni.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeusifia, tukiwa jikoni tunamenya viazi. Nikasema kule mtu anasikia hata pumzi zake. Nikasema mawimbi ya kule yanapiga kwa adabu.

Mke wangu akaweka kisu chini, akanitazama kwa huruma, akasema sawa, mume wangu, twende huko.

Sawa! Bila kubisha hata kidogo! Nikamuuliza kama ana uhakika. Akachukua simu, akampigia mwenye nyumba ya wageni papo hapo. Mimi nikaendelea kumenya. Kiazi changu kilibaki kidogo kama gololi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango mpya. Nimempanga kinyozi, jirani yangu wa karakana. Mke wangu akiniletea chakula, aingie kama mtu anayeazima mkasi, aseme aliwahi kuishi ule mji wa mchanga na mbu wake ni balaa. Nilisisitiza: mbu, basi, uondoke.

Aliingia vizuri. Alitaja mbu. Kisha akanogewa. Mbu wakawa wa kubeba kandambili na mwenye kandambili. Akaongeza nyoka. Akaongeza volkano!

Mke wangu akamuuliza kwa upole, hiyo volkano iko upande gani wa ufukwe? Kinyozi akababaika. Akanigeukia, akaniuliza, mbele yake, tulikubaliana upande gani.

Mimi tayari nilikuwa nyuma ya kochi, natafuta msumari. Mke wangu alicheka mpaka akajitupa kwenye kiti cha mteja. Gundi yake ilikuwa bado mbichi. Tulimbandua mimi na kinyozi, mmoja huku, mmoja huku. Akasema tutazungumza nyumbani.

Hatukuzungumza. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Nikamwita shemeji, kaka yake mke wangu. Anauza simu. Aliwahi kwenda ule mji wa muziki na hajawahi kutuacha tusahau. Nikamwomba aje atusimulie. Hakuombwa mara mbili.

Alisimulia kweli kweli. Mate yalinitoka. Nikamuuliza, kana kwamba wazo limenijia sasa hivi, kama na sisi tungeufurahia. Akanipima kwa macho kutoka kichwani mpaka kwenye ndara. Akasema ule ni mji wa watu wenye viuno, siyo wa watu wenye mgongo.

Nikasimama nimjibu. Mgongo ukalia kabla yangu.

Nikiwa bado nimepinda, mke wangu akamgeukia kaka yake.

"Huyu unayemcheka alinichezesha siku ya harusi mpaka kisigino cha kiatu kikakatika. Muulize mama."

Nilinyooka mara moja! Shemeji akamalizia chai yake, akaaga.

Mlango ulipofungwa, mke wangu akakaa karibu yangu.

"Haya, niambie ukweli. Unataka kwenda wapi?"

"Kwenye muziki," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi! Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona ulikubali kule kwingine?"

"Ulivyousifia ule ukimya, nikajua kelele za ile mashine yako ya kushonea makochi zimekuchosha. Nikasema mume wangu naye apumzike."

Yeye anayeshinda na vilio vya wagonjwa alikuwa tayari kuacha dansi lake kwa ajili yangu. Nikaenda kuosha vikombe. Nikaosha na vile visafi.

Jumanne, 18 Novemba

Tuko hapa! Muziki kulia, muziki kushoto, haupatani na hakuna anayejali. Mke wangu amenunua kofia pana kama mwavuli, anacheka na kila mtu.

Leo mashindano ya dansi ya mume na mke. Nilipanga tusimame kando ya bibi na babu fulani, babu ana fimbo, ili sisi tuonekane wepesi. Muziki ulipoanza, babu akatupa fimbo. Wameshinda. Mshika kipaza sauti alimwomba bwana wa kaptura nyekundu apunguze mikono, anaumiza watu. Kaptura nyekundu ilikuwa moja tu.

Mke wangu ameniambia hajacheka hivi tangu aanze kazi. Mguu wake nilioukanyaga nimeuweka kwenye maji ya bahari.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumerudi. Shemeji anahama nyumba Jumamosi, anatafuta watu wa kubeba makabati. Ghorofa ya nne! Sitaki hata kidogo.

Lakini siwezi kukataa waziwazi, ni kaka yake. Kwa hiyo nimemwambia mke wangu kwamba natamani sana kwenda, kwamba makabati ndiyo furaha yangu. Atauhurumia mgongo wangu, atanikataza mwenyewe.

Amenibusu kwenye paji la uso. Sasa namsikia chumbani anapiga pasi ovaroli yangu. Dalili nzuri sana. Mtu anayetaka kukataza huanza kwa kujishughulisha na mambo madogo madogo.