Meza Isiyotikisika

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa fizikia ametangaza! Ijumaa, siku ya wazazi, treni ndogo ya klabu itaendeshwa na yule atakayeleta meza isiyotikisika. Mwaka jana meza ilicheza, treni ikaacha reli na kuangukia viatu vya mkuu wa shule. Binamu yangu, anayejiita Injinia ingawa hesabu ananakili kwangu, amesema ataleta mlango mbovu aulaze juu ya madawati mawili. Mlango! Nilimcheka. Moyoni, lakini nilimcheka.

Mimi nimesoma sura nzima kuhusu fremu. Mara mbili.

Jumanne, 4 Juni
Seremala wa jirani amenipa mabaki ya mbao. Nilipomchorea meza yangu, aliuliza kama nataka kufuga ng'ombe juu yake. Nikasema ni ya treni. Akauliza kama dereva anajua.

Miguu sita. Mbao za mshazari kila pembe. Skrubu, si misumari, maana misumari hulegea. Mama amesema ningeshika ufagio kwa bidii hii, nyumba ingeng'aa. Mwanasayansi hasikilizwi kwao.

Jumatano, 5 Juni
Imekamilika! Nimeiweka sebuleni. Kiputo cha pimamaji kimetulia katikati kabisa. Injinia amekuja, ameipiga teke, ameumia kidole. Siku njema. Ila akadai haiwezi kubeba hata paka, eti ni mifupa mitupu.

Hapo ndipo nilipopata wazo: mjomba! Alikuja kututembelea kwa wiki moja, na sasa mkoromo wake tunaujua kuliko wimbo wa shule. Ana mwili wa watu wawili, na kochi analolalia limeshazama. Nilimwomba apande mbele ya Injinia. Akapanda. Akaruka! Meza haikutikisika; Injinia akainama kutafuta ufa. Kisha mjomba akajinyoosha chali, akasema mgongo wake haujapumzika hivi tangu aingie nyumba hii.

Nilimshukuru kwa sifa hiyo.

Alhamisi, 6 Juni
Godoro liko juu ya meza yangu. Mjomba yuko juu ya godoro.

Nimemlalamikia mama. Amesema mgeni hatolewi kitandani. Nikasema si kitanda, ni meza ya reli. Akaniuliza reli iko wapi. Nikasema shuleni. Basi, akasema, iache huko huko, na wewe mwache kaka yangu.

Niliandika hotuba ya kurasa mbili nimsomee mjomba mwenyewe. Nikasimama kando yake. Akafumbua jicho moja: "Nini tena, mpwa wangu?" Nikamuuliza kama anahitaji mto.

Alihitaji.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nilimsubiri aamke. Aliamka, akanywa chai, akarudi kulala. Nikaenda shuleni mikono mitupu.

Mlango wa Injinia ulikuwa bado na tundu la kitasa. Amelipaka rangi ya buluu pembeni, akaliita ziwa. Wazazi wakalisifu ziwa! Treni ikazunguka bila kuyumba hata kidogo. Mama yangu mzazi alipiga makofi mpaka akasimama. Mwalimu alinionea huruma, akanipa nami kazi: kushika waya wa umeme wa treni usichomoke ukutani. Nikachuchumaa nyuma ya pazia, nikaushika. Kila treni ilipopita upande wangu, Injinia alipiga honi.

Kuuachia ule waya kungekuwa rahisi sana. Sikuuachia. Sijui kwa nini, na inaniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu amesema muhula ujao ataamua upya. Kwa hiyo leo nimetulia, nimelitafuta kosa kwa njia ya kisayansi, na nimelipata: nilitegemea shahidi mmoja. Neno la mjomba peke yake halina uzito, hata kama mwenyewe anao.

Naanza meza ya pili. Ndefu zaidi, pana zaidi, miguu minane. Na bahati imenijia yenyewe: kesho shangazi, mumewe na watoto wao wote wanahamia kwetu mpaka nyumba yao iezekwe. Mama analia kwamba hajui watalala wapi.

Nitawapandisha wote!