Doa Kwenye Kitambaa cha Cucu

Jumatatu, 3 Februari

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Jumamosi watu wa akina Kamande, upande wa bwana harusi, wanakuja kutoka Gilgil kuzungumza mahari ya binamu yangu Abby. Tata Wangare, shangazi yangu na mama yake Abby, ambaye amenipa chumba tangu nianze ukarani hapa Nakuru, amenipa heshima: niwakaribishe wageni kwa niaba ya vijana. Maneno machache tu, alisema.

Jioni nikabaki peke yangu. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Lakini mzee wa kunena kwenye ruracio, hayo mazungumzo ya mahari, huwa na blanketi begani, na blanketi langu lina matundu. Nikajitanda kitambaa cha meza.

Si kitambaa chochote! Kilidariziwa na marehemu Cucu, mama yake Tata. Maua mekundu pembeni, majani ya kijani, na katikati peupe kama maziwa. Hutolewa kabatini kwa wageni wakubwa tu. Tata alikuwa amekitandaza kitini kipate hewa.

Nilikuwa nimefika kwenye "wazee wetu watukufu" vumbi la mwezi huu liliponiweza. Pua ikatoa damu. Katikati kabisa, penye weupe!

Nikajiambia mimi ni mtu msomi. Maji moto huua kila kitu. Nikachemsha birika, nikamimina.

Hayakuua. Yalipika. Doa sasa ni la kahawia na limeng'ang'ania kama kupe.

Nilikikausha kwa pasi, nikakikunja doa likiwa ndani, nikakirudisha kabatini. Tata alirudi akauliza kama nimekula. Nikasema asante.

Jumanne, 4 Februari

Nimemuuliza Chelangat, karani mwenzangu. Tuliajiriwa siku moja na bado tuko kwenye majaribio, naye hufika ofisini kabla yangu kila siku, kwa makusudi. Nilisema ni rafiki yangu mwenye shida.

Akataka kujua rafiki aliosha na nini. Maji moto, nikasema.

"Ai, Naftaly! Damu ni kama yai. Ukiichemsha inashika. Ilikuwa maji baridi na chumvi, hapo hapo."

Nikamwambia rafiki yangu pia alipiga pasi. Akacheka hadi akaweka kikombe chini. Akasema nimpe rafiki yangu pole, na nimwambie ana damu kwenye kola.

Siku nzima nimeshika kola.

Jumatano, 5 Februari

Kitambaa kimelala ndani ya karai chini ya kitanda changu, maji baridi na chumvi. Doa halikujali. Nikaenda kwa duka la dawa nikanunua ile dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu. Povu likapanda! Nikafurahi kama mtoto. Lilipotulia, doa lilikuwa limefifia likawa rangi ya chai ya maziwa. Lakini dawa ilikuwa imetiririka hadi pembeni, na majani mawili ya Cucu yamegeuka manjano, kama mahindi yaliyokosa mvua.

Tata akabisha mlango. Nikasukuma karai kwa kisigino. Akasema ninakaa kama mtu aliye na kitu moyoni. Kama kipo, niseme tu, yeye si polisi. Maneno yalinifika kwenye ulimi. Nikasema ni kazi nyingi ofisini.

Tata hapigi kelele akikasirika. Hunyamaza. Mjomba alinyamaziwa mwaka mzima kwa sababu ya kuku.

Alhamisi, 6 Februari

Wazo! Nitadarizi ua juu ya doa. Nani atajua?

Muuza nyuzi aliniuliza, "Boss, unamshonea nani?" Nikasema ni ya ofisi. Ya ofisi! Kwa nini midomo yangu huniaibisha hivi?

Nimetazama video kwenye simu, mara nyingi. Nilitaka waridi. Imetoka nyanya ya sokoni. Na nimejichoma sindano, damu ikatoka tena, lakini uzi ni mwekundu. Kwa mara ya kwanza wiki hii, damu yangu imeanguka mahali panapofaa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejitolea kuandaa meza mwenyewe. Tata ameguswa. Amewaambia majirani kwamba Mungu hakumpa mvulana lakini alimpa Naftaly. Masikio yaliniwaka. Nimeweka chombo cha maua juu ya nyanya.

Jumamosi, 8 Februari

Mama Jeff, mama wa bwana harusi, ni mwenyekiti wa kina mama wanaodarizi kanisani kwao. Sikuambiwa.

Aliinua chombo cha maua, akakiweka kando. Kisha akafunua kitambaa, akakigeuza!

"Kazi ya mkono hutazamwa mgongoni," akawaambia wenzake.

Maua ya Cucu yalikuwa safi nyuma kama mbele. Nyanya yangu ilikuwa mafundo matupu, uzi unarukaruka kama mbuzi, na doa limechungulia pande zote. Abby alitazama dari.

"Na ua hili ni la nani?"

Tata akalitazama. Kisha akanitazama mimi, nimesimama na hotuba yangu.

"Ni la Mama," akasema taratibu. "La mwisho. Macho yalikuwa yameisha, lakini alikataa kuacha."

Mama Jeff akavua miwani akajifuta machozi. Akasema nyumba isiyotupa kazi iliyopinda haiwezi kumtupa mwanawe. Wamama wakaigusa nyanya, mmoja mmoja.

Nikaitwa kuhutubia. Nilisema "karibuni" nikaketi.

Jumapili, 9 Februari

Tata ameniita jikoni. Nilitamani anyamaze. Aliongea.

Alisema amemsingizia mama yake aliye kaburini, mbele ya wakwe, na hilo linamuuma kuliko doa. Cucu alijichoma sindano maisha yake yote. Damu tungeiosha kwa dakika moja. "Ungeniambia tu Jumatatu, Naftaly. Tu." Na sasa nyanya haiwezi kufumuliwa, kwa sababu Mama Jeff ataiulizia hadi siku ya kufa kwake.

Nililia. Niliapa kwamba jambo likitokea tena, hata dogo, nitamwambia hapo hapo. Akanishika bega. Akaniachia kitambaa nikipige pasi, ya vuguvugu, kisha nikirudishe kabatini, akaenda kumsindikiza jirani.

Nikapiga pasi polepole, nikiwaza jinsi nilivyobadilika. Niliwaza kwa muda mrefu. Pasi ilikuwa imesimama.

Alama ya kuungua ni ndogo. Ya hudhurungi, ina ncha mbele.

Tata amerudi, ameuliza kama nimemaliza. Nikasema tayari. Kimekunjwa, alama ndani.

Ukiitazama vizuri, ina umbo la jani. Uzi wa kijani sina, lakini lile duka la nyuzi hufunguliwa mapema.