Tumbawe Huyu, Matumbawe Hawa

"Ijulikane kwa wote, wa nchi kavu na wa majini, ya kuwa kuanzia Jumatatu tumbawe si kitu tena. Muumba alimtia uhai tangu azali. Idara sasa imeuthibitisha. Hivyo atatajwa kwa taadhima ya viumbe hai: tumbawe huyu, matumbawe hawa. Watoto wa shule wanaamriwa kumsahihisha papo hapo yeyote atakayesema 'hili' au 'haya', bila kujali cheo chake."

Mkurugenzi wa Idara ya Uhifadhi wa Bahari aliusoma waraka wake mbele ya kioo, akaridhika. Matumbawe walikuwa wakifa kwa baruti, nanga na maji machafu. Kuzuia baruti kungehitaji boti, na boti ingehitaji mafuta, ilhali kurekebisha sarufi hakukumlazimu mtu hata kuvua viatu.

Jambo jingine ndilo lililomkosesha usingizi. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri alikuwa anakuja kufungua Ukumbi wa Kuwafundisha Watoto Uhifadhi wa Bahari. Ulikuwa ukumbi wa fahari. Kuta zake zilikuwa za matumbawe waliochongwa, na lipu yake chokaa ya matumbawe waliochomwa, wote wametolewa katika mwamba unaoonekana dirishani, ili watoto, kwa maelezo ya Mkurugenzi, "waukaribie mwamba bila kulowa." Mwamba uliobaki ulitengwa kwa ukumbi wa pili.

Asubuhi ya ufunguzi, mwashi alimvuta kando.

"Mzee, samahani. Hawa wa ukutani nao ni 'hawa'?"

"Hao ni vifaa vya ujenzi."

"Umesema 'hao', mzee."

"Kamalizie lipu!"

"Namalizia. Ila nilidhani nimeitwa kujenga, kumbe nimeitwa kuchinja."

Waziri aliwasili, akaegemea ukuta kwa maringo. Watoto waliketi sakafuni pamoja na mwalimu wao, mwanamke mpole aliyetekeleza waraka neno kwa neno. Mbele kabisa alikaa mjukuu wa Mkurugenzi, binti mwenye pengo la meno mawili. Mkurugenzi akasimama jukwaani kusoma taarifa ya ujenzi.

"Mheshimiwa Waziri, matumbawe haya—"

"Hawa!" watoto wakaitikia kwa sauti moja.

Waziri akacheka. "Safi sana! Endelea, Mkurugenzi."

"Matumbawe hawa yalichimbwa—"

"Walichimbwa!"

"Walichimbwa kwa mitaimbo," akasema, jasho likimtiririka, "wakapasuliwa wangali wabichi. Waliobaki wakatiwa tanuruni, wakachomwa mpaka wakawa unga. Na unga wao, Mheshimiwa, ndio… ndio huu tuliopaka ukutani."

Waziri alijibandua ukutani polepole. Bega la koti lake lilikuwa jeupe.

"Babu," mjukuu akauliza, "walikuwa wameshakufa, au mliwaua nyinyi?"

"Mama, hilo ni swali la kitaalamu."

"Mbona jepesi?"

Mkurugenzi, akitafuta pa kushika, aliharakisha kuvuta pazia la jiwe la msingi, nalo limechongwa kwa tumbawe. Binti akasoma kwa sauti: "'Jiwe hili limewekwa na Mheshimiwa Waziri.'" Akakunja uso. "Si hili, ni huyu. Huyu naye ameuawa. Na Waziri?"

Mpiga picha akainua kamera. Waziri, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo linapokuja suala la picha, alipiga magoti ghafla katikati ya watoto.

"Wanangu," akasema kwa huzuni kubwa, "mimi nilidanganywa. Leo hii naufuta ukumbi wa pili. Hawa waliobaki majini, waachwe waishi!"

Watoto wakashangilia, mwalimu wao kuliko wote. Alitazama dirishani akafuta macho. Mwashi aliweka mwiko wake mfukoni.

Waziri akainuka, akapangusa bega lisilopangusika, akamgeukia msaidizi wake, akionyesha jukwaani kwa kidole.

"Kile kiti, ile meza, na huyo Mkurugenzi," akasema. "Viondoeni vyote."

Mkurugenzi alisikia sawasawa. Aliwatazama watoto, akingoja. Mjukuu wake akafungua kinywa asahihishe, akamtazama babu yake, akautazama ukuta.

Akakifunga.