Kila Mwombaji Aje na Kiti Chake

Tapeli mzuri huzaliwa; Obitre alisomeshwa. Miaka mitatu ya chuo, Historia na Dini, cheti chenye muhuri, na ng'ombe dume wa mama yake, aitwaye Waziri, aliyeuzwa kule kijijini kwao Aroi ili karo itimie. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu ahitimu, na mwalimu huyu hakuwa na darasa hata la kuku. Alichokuwa nacho ni ahadi: Krismasi hii angerudi nyumbani akimwongoza dume mwingine kwa kamba, kijiji kizima kikitazama.

Njia ya halali alikuwa ameijaribu. Mwezi wa pili aliona kwenye Facebook tangazo la shule mpya kule Vurra: walimu kumi, nyumba bure, maziwa kila asubuhi. Akatuma ada ya fomu kwa simu. Kisha, kwa kuwa ana moyo mwema, akalisambaza tangazo kwa wenzake kumi na wanne ili nao wasikose maziwa. Siku ya kuripoti walikutana wote kumi na watano mahali palipotajwa, palipokuwa maegesho ya malori yanayosubiri forodha ya kwenda Kongo. Dereva mmoja aliwahurumia akawagawia ndizi. Watu wengine hutapeliwa. Obitre alitapeliwa kwa bidii, na kazi ya kumsaidia tapeli akaifanya kwa kujitolea.

Akili ilimfunguka mazishini. Alikuwa Aroi kwenye matanga ya jirani, akitazama watu wakiwasili, kila mmoja na kiti chake kichwani, maana katika nchi ile mtu haendi matanga, harusi wala mkutano wa wazazi akitegemea viti vya mwenyeji. Waliambiwa kuna shughuli, wakabeba viti, basi. Obitre alivihesabu mpaka mia na ishirini, akasahau kulia. Jioni kila kiti kilirudi kwa mwenyewe bila kupotea hata kimoja, jambo ambalo mtu mwenye akili zaidi angejiuliza linawezekanaje.

Kesho yake alimtafuta Swadiki, mtu wa lori, anayepeleka mizigo mpakani Oraba na kuivusha upande wa Kaya, Sudan Kusini. Wakakaa kwenye kibanda cha chai mjini Arua.

"Viti iko na soko Kaya?" Obitre akauliza, akijitahidi kusema kama mtu wa mpakani.

"Kiti? Iko na soko kuliko sukari. Kule watu wanarudi kwao, nyumba iko, ya kukalia hakuna. Wewe iko nayo ngapi?"

"Thelathini. Labda arobaini."

"Umetoa wapi?"

"Bado sijatoa. Vitajileta."

Swadiki alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. "Mwalimu, wewe si mwizi. Uso yako inaomba ruhusa."

"Ndiyo maana vitajileta vyenyewe."

Tangazo aliliandika siku hiyo hiyo. Shule ya Nuru ya Kesho, Koboko, inatafuta walimu, mpishi na karani. Hakuna ada ya fomu. Sentensi hiyo aliiandika kwa hasira ya kweli. Kila mwombaji aje na kiti chake, kwa kuwa samani za shule ziko njiani. Kutakuwa na somo la majaribio, kisha viti vitafungiwa shuleni kwa ukaguzi na wenyewe warudi kesho yake. Picha ilikuwa ya ghala kuukuu la tumbaku mjini Koboko, mali ya Mzee Lokule, lililopakwa chokaa upya, ambalo Obitre alilikodi kwa siku moja. Akasaini kwa jina lake la ubatizo: Enoch, Mkurugenzi.

Hapo tapeli wa kweli angekaa kimya angoje. Lakini maombi yalimiminika, na barua zilikuwa na makosa, naye makosa hawezi kuyaona akayapita. Driciru wa Arua alisahau kutaja somo analofundisha. Mkurugenzi akamjibu kwa upole, ongeza aya ya pili, dada. Andrew wa Vurra alieleza umaskini wa kwao kurasa tatu. Mkurugenzi akamshauri aandike uwezo wake, si shida zake, kisha akafuta machozi kwa shuka. Siku tano zilipita hivyo, bando likaisha mara nne. Katika mkoa wote wa West Nile hakuna mwizi aliyewahi kuwahudumia waibiwa wake namna ile.

Mmoja tu ndiye aliyemsumbua: Natalina, mwalimu aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, ambaye sasa anauza mtama Koboko.

"Watoto wa somo la majaribio watatoka wapi?" aliandika.

Mkurugenzi akajibu kwamba waombaji watafundishana.

"Kufundisha bila mtoto ni kuhubiri. Wacha, nitaleta mimi."

Akalisambaza tangazo kwenye makundi manane ya WhatsApp. Obitre akafurahi, aliona viti tu.

Siku ya usaili Koboko ilishuhudia maandamano. Watu walishuka kwenye bodaboda na viti vimefungwa migongoni, wengine walitembea navyo vichwani, thelathini na wanne kwa jumla. Obitre, akiwa na tai ya kuazima, aliwapokea mlangoni. Kisha akaja Natalina, na nyuma yake watoto sitini na zaidi, na nyuma ya watoto wazazi, na vichwani mwa wazazi maharage na kuni.

"Hawa ni nani?"

"Watoto wa majaribio."

"Wote?"

"Mukurugenzi, utachagua yupi abaki nje?"

"Na kuni?"

"Mzazi haendi shule mikono mitupu. Wewe ulisoma wapi?"

Masomo yakaanza. Andrew wa kurasa tatu alisimama na muhogo wa kuchemsha, akaukata nusu, akaukata robo, akaukata thumuni, mpaka watoto wakawa wameelewa sehemu na kuzitafuna zote. Driciru aliwafanya wazazi wenyewe wanyooshe mikono. Mkurugenzi aligeukia ukuta akajifanya anakagua chokaa.

Saa sita, mapema kuliko walivyopatana, lori la Swadiki lilisimama nje. Obitre akawatuma wote uani wakanywe uji, viti vibaki. Swadiki akaingia, akainua cha kwanza, akakigeuza. Akainua cha pili. Akakiweka chini taratibu kama mtu aliyekuta nyoka.

"Mwalimu."

"Pakia haraka, bwana."

"Kuja soma hapa."

Nyuma ya kiti, kwa rangi nyekundu: DRICIRU, ARUA. Cha pili: ANDREW, VURRA. Cha tatu: MAMA PROSSY, RUDISHA. Obitre alizunguka ghala zima. Hapakuwa na kiti kisicho na mwenyewe.

"Nikifika mpakani, askari anajua kusoma," Swadiki akasema. "Ataniuliza, Swadiki, unatoka matanga gani, na wafiwa wamekaa wapi?"

"Tutapaka rangi juu."

"Thelathini na nne, na wenyewe iko hapo nyuma wanakunywa uji?" Swadiki akajikalia juu ya jina la Driciru. "Wewe ni mutu ya Aroi. Kwenu viti haina jina?"

Hapo Obitre akaanza kukumbuka. Mkebe wa rangi nyekundu ulikaa chini ya kitanda cha mama yake. Na aliyeandika majina kwenye viti vya kijiji kizima, tangu akiwa darasa la nne, kwa kuwa mwandiko wake ulisifiwa, alikuwa yeye.

Swadiki hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu. "Mafuta yangu kutoka Arua." Obitre hakuwa na pesa, akampa simu, pamoja na ukurasa wa shule na maombi yote ndani yake, na lori likaondoka.

Alipogeuka, Natalina alikuwa mlangoni na kikombe cha uji.

"Umesikia?" Obitre akauliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Ghala hii inatazamana na meza yangu ya mtama. Shule gani inafunguliwa na mimi sijaona hata chaki?"

"Mbona hukuenda polisi?"

"Polisi watafundisha hesabu?" Akampa uji. "Mwaka mzima natafuta walimu. Watoto ninao, wazazi ninao, Mzee Lokule ametupa ghala muhula mzima. Lakini kila mwalimu ananiuliza, viti iko? Halafu naona mjinga mmoja kwenye Facebook anawaambia waje navyo, na wanakubali."

"Kwa hiyo umenitapeli."

"Uliandika kwamba shule iko. Nimekusaidia usiwe mwongo."

Akatoka uani akawaambia waombaji ukweli wa mshahara: muhula wa kwanza ni maharage, wa pili Mungu anajua. Ishirini na wawili walibeba viti vyao wakaondoka. Kumi na wawili walibaki, Driciru na Andrew wakiwa miongoni mwao. Kisha Natalina akarudi ndani na daftari.

"Sasa wewe. Umesomea nini?"

"Historia na Dini."

"Kiti chako?"

Obitre alitazama huku na huku. Katika mpango wote ule, mtu pekee ambaye hakufikiria kumletea kiti alikuwa yeye mwenyewe.

"Basi utafundisha umesimama," Natalina akasema, akaandika.

Mlango ulikuwa wazi, na barabara ya Arua ilionekana vizuri. Watoto walikuwa wameshaingia, wamekaa sakafuni, wanamwangalia. Mwalimu aliazima chaki.

Kabla ya jua kutua aliazima na simu ya Natalina, akampigia mama yake na kumwambia yote: tangazo, viti, lori, na kwamba Krismasi hakutakuwa na dume. Mama akauliza tu shule iko upande gani wa soko, akakata.

Jumatatu iliyofuata, katikati ya somo, mama alishuka kwenye gari la Arua na kiti kichwani. Alikiweka mbele ya darasa. Nyuma ya kiti hicho, kwa rangi nyekundu iliyokwisha kufifia, palikuwa na maneno MWALIMU OBITRE. Herufi zilikuwa zimepinda. Hiki peke yake hakumpa mwanawe aandike.

"Umekipaka lini?"

"Siku ile ulipovaa joho. Kimekaa nyuma ya ghala ya mtama miaka miwili."

"Mama, ng'ombe sijampata."

"Ningetaka ng'ombe," mama akasema, akipangusa vumbi, "si ningebaki na Waziri?"

Obitre alikaa. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kiti kikamyumbisha mbele ya darasa zima, watoto wakacheka, naye akaona afadhali wacheke kuliko waone macho yake. Natalina alipita na daftari la mali ya shule, akainama nyuma yake, akasoma jina, akalinakili.

"Hiki nacho kina mwenyewe," akasema. "Sasa hata wewe huwezi kukiuza."