Mota Tatu za Injinia Pankras

Pankras aliingia kwenye karakana ya Mama Kunigunda kwa sababu moja tu: barabarani alikuwa amemwona mvuvi wa Lituhi ambaye yeye mwenyewe alimuuzia injini ya boti iliyokuwa ganda tupu. Mbinga si mji wa kukwepana. Akajitosa kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi, akapiga hodi akiwa keshaingia.

Ndani, chini ya turubai, akaiona. Mashine ya kuchonga chuma, ile inayoongozwa na kompyuta, nene kama ng'ombe wawili, mota zake tatu zimeungua, panya wamezaliana kwenye kabati la nyaya. Moyo ukamruka. Pankras alisoma ufundi umeme miaka miwili kabla ya kufukuzwa kwa kuuza mtihani (ambao, tuseme ukweli, hata mtihani wenyewe haukuwa wa kweli). Alijua mwili wa mashine ile ni mzima kabisa. Vilivyokufa ni mota na draivu, vile visanduku vinavyoiamuru kila mota izunguke kiasi gani.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya msibani.

"Marahaba, mwanangu. Unaangalia mashine ya marehemu mume wangu, Bernadi. Mafundi wa Songea walinitajia bei ya kuifufua, nikarudi nyumbani kulala. Na wakulima wananililia gia za mashine za kumenya kahawa."

"Hii haifufuki, mama. Kwa huruma tu, nitainunua kama chuma chakavu. Niachie nafasi niifungue humu humu, kidogo kidogo. Umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, bado upo?"

"Upo," Mama Kunigunda akajibu. "Tuandikishane kwa mtendaji. Mashine yako, jengo langu."

"Kabisa, mama yangu!"

Siku ile ile akampigia Leopold, tajiri mwenye karakana Songea. Leopold alitaja bei iliyomfanya Pankras asahau kula, ila kwa sharti: aione kwanza ikikata chuma. Hapo mtu mwenye akili zake angeaga. Pankras akauza pikipiki yake, mali pekee halali aliyokuwa nayo duniani (na uhalali wenyewe tusiuchimbe), akaagiza mota tatu mpya na draivu zake.

Kisha, Mungu shahidi, akafanya kazi. Wiki tatu! Alifukuza panya. Vichwa vya mota mpya havikuingia kwenye skrubu za zamani zinazosukuma meza ya mashine, akavikata na kuvichonga mpaka vikakaa. Akaiamuru meza iende kulia, ikaenda kushoto. Akaagiza sentimita moja, ikasogea mbili. Alitukana, akaomba toba, akaanza upya. Kila mchana Mama Kunigunda alimletea ugali na usipa, dagaa wa ziwani, akakaa kwenye kigoda kumtazama.

"Kuifungua kunachosha, eh?"

"Mama, we acha tu."

Leopold akaja na lori. Mashine ikanguruma, chuma kikakatika laini kama sabuni. Tajiri akapiga makofi, akatoa futi kamba, akapima mashine. Akapima mlango. Akapima mashine tena.

"Bwana Pankras, hii iliingiaje humu?"

Pankras akageuka. Ulikuwa mlango wa kupita mtu na gunia lake, basi. Wiki tatu alipita pale kila siku!

"Iliwekwa kwanza," Mama Kunigunda akajibu toka kigodani. "Kisha Bernadi akaizungushia nyumba. Aliwaogopa wezi."

"Tuvunje ukuta!"

"Ukuta sijauza."

"Nitaujenga upya, mama, wallahi!"

"Kamwambie mtendaji. Karatasi anayo."

Leopold alicheka mpaka akakohoa, akapanda lori lake tupu. Pankras akakamata spana. "Basi nang'oa mota zangu!"

"Ng'oa. Nani atanunua mota zilizokatwa vichwa?"

Spana ikamponyoka. Pikipiki imekwenda, Leopold amekwenda. Akakaa kwenye vumbi la chuma akalia kwelikweli, machozi ambayo hayakuwa ya biashara.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," akasema.

"Mwanangu, mnunua chuma chakavu gani anauliza kama nina umeme wa fezi tatu?" Akampa kanga yake ajifute. "Mashine yako, jengo langu, kinachoingia nusu kwa nusu. Hutaki, mlango ule wewe unakutosha."

Kabla hajajibu, akaingia Lusia, mkulima wa Litumbandyosi, na gia iliyolika meno. Kahawa ilikuwa inaiva shambani na mashine yake ya kumenyea imesimama. Pankras akapima, akaandika, akabonyeza. Jioni Lusia alishika gia mpya, meno yote yapo, akamkamata fundi mikono yote miwili.

"Asante, injinia. Umeniokoa."

Katika maisha yote ya Pankras hakuna mtu aliyewahi kumshukuru baada ya kukagua mzigo.

"Jirani zangu nao gia zimewavunjikia," Lusia akasema. "Watakukuta kesho?"

"Kesho asubuhi na mapema, mama," ulimi ukajibu wenyewe, kama ulivyozoea kuwajibu watu wa Lituhi, Lundo na kwingineko.

Lusia akaenda zake. Pankras akasimama mlangoni, akaitazama barabara ya Songea muda mrefu. Kisha akakohoa, akarudi ndani.

"Mama, ili niwahi kesho... funguo unaziweka wapi?"

"Kiunoni kwangu," akajibu Mama Kunigunda. "Wewe wahi tu."