Bahari Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumanne, 5 Agosti 1969. Kilole, Korogwe.
Bahati yangu na bahari haina mfano. Meli nimepanda, bandari nimezunguka, samaki wakiniona wanajileta! Basi mama mkwe wangu, Bibi Mwantumu, atapona. Miguu haimbebi tena, yuko chumba cha nyuma hapa kwangu, chakula hagusi. Mzaliwa wa Pangani. Amemwambia mke wangu Chausiku anataka aione bahari mara moja tu, afe. Treni haiwezi tena. Bahari itamfuata.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimetwaa kabati la kioo la Chausiku, la maandazi. Pembe nimeziba kwa lami. Ameuliza maandazi atayauzia kofiani mwangu? Nikaendelea kupaka lami. Mwenye mpango hajibu.
Jirani Gregori, mtu wa reli, aliyekulia Tanga, ameniletea madebe ya maji ya bahari na tasi wadogo. Wapole, hula majani tu. Akanionya: chewa nisithubutu, ana mdomo kama mlango wa ghala. Bunju ndiyo kabisa, akiliwa anaua. Nikamwambia yeye anajua treni, bahari aniachie mimi.

Ijumaa, 8 Agosti.
Kikwazo! Mkwe haingii chumba cha mama mkwe, na yeye hawezi kutoka. Kabati likawekwa katikati ya mlango. Mimi huku napuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, yeye kitandani kule, maji katikati. Miaka yote ya ndoa, leo ndiyo nimemwona uso. Nikainamisha macho. Akasema: mkwe wangu, mbona watazama chini, samaki wako juu.
Balozi wa nyumba kumi, Isaka, akaja kuuliza bahari ya mtu mmoja ni siasa gani. Nikamjibu ni ya wote, kila mtu apige pampu. Akatoweka.
Lakini Bibi hakula. Amesema bahari gani hii, haina hata mmoja mwenye meno. Amekonda jamani.

Jumapili, 10 Agosti.
Jana nilimfuata chewa Tanga, nikamtia. Kwa siri. Asubuhi tasi hawapo. Hata mmoja! Chewa kanenepa, ananitazama kama mkaguzi. Kisha lami ikaachia, maji yakashuka. Nikajazia maji ya mto na chumvi ya jikoni. Chewa akalala ubavu. Nikafunika uso. Nimemuua mama wa watu.
Nyuma ya kioo, kicheko. Bibi Mwantumu! Akamwita Chausiku amtoe huyo mwizi angali anapumua, amtie tui la nazi upesi, kabla mumewe hajamtia na sukari.
Amekula. Sahani nzima, na vidole akalamba. Nimetokwa machozi. Moshi wa jikoni huo.

Jumatatu, 11 Agosti.
Chausiku anadai kabati. Nimeomba anivumilie. Kesho nafuata Tanga mkunga, yule samaki kama nyoka, na pweza. Gregori anasema mkunga anang'ata na pweza anafungua kifuniko akatembea. Gregori mwoga.
Jioni, kupitia kabati tupu, Bibi akauliza meli yangu ilikuwa ikiitwaje. Nikasema nimesahau. Akasema haya baba, niletee huyo mkunga.
Meli sijapanda hata moja. Nilibeba marobota ya mkonge bandarini, na maji yakinifika magotini nilikimbia. Bahati ile niliitunga.